Siku Mukwe Wangu Alisemesha Moto

Basafiri ba Beni bananichekaka. Banasema mujini mote mimi njo motari wa pekee mwenye anazimaka moto, ile pikipiki ya kubeba basafiri, kabla mutu apande, anaangalia chini kama fasi ni sawa, anasukuma moto yake paka karibu na jiwe ao ngazi ya baraza, kisha anasema: "Pole pole, mama. Mimi siende fasi kama bado hauniambie." Wenzangu ba Mavivi, pale tunangojeaka batu ba ndege, bamenipa jina: infirmier, muuguzi. Bacheke tu. Kama bangeniona miaka ya nyuma, bangenipiga mawe.

Juu zamani nilikuwa mutu mubaya. Sitajificha. Musafiri alikuwa bado anainua muguu, mimi nashaondoka. "Panda haraka, mama, saa inaenda!" Njo ilikuwa salamu yangu. Mutu akiniuliza aweke muguu wapi, namujibu: "Unataka nikuchoree kwa ubao?" Moto ilikuwa yangu, haraka ilikuwa yangu, na ule wa nyuma alikuwa muzigo tu yenye iko na mudomo. Mungu anivumilie.

Hata muke yangu nilimupata kwa ile tabia. Wakati ule nilikuwa nafanya kazi Butembo, kwetu Mususa. Alikuja binti mumoja na vitabu mukononi, akapanda kwa upande wa kuume, fasi tiyo, bomba ya moshi, iko. Mimi niliona, lakini sikusema kitu, nilikuwa na haraka. Muguu yake ikagusa ile chuma ya moto, na ngozi ikabaki pale. Alilia vibaya sana. Nilimupeleka kwenye dispensaire, kesho yake nikaenda kumusalimia kwa haya, kesho kutwa nikaenda tena, na siku ya kumi haya ilikuwa imekwisha. Alama ile iko kwa muguu yake paka leo, kubwa kama jani la kahawa.

Mama yake, kule Masereka, aliona ile alama kabla ya kuniona mimi. Siku bazee betu balipanda kule kuomba muchumba, na maneno ya mbuzi za mahari ikaisha muzuri, yeye alikaa nyuma ya ukuta, vile desturi inataka, akatuma shangazi na neno moja tu: "Mutu mwenye hajue kubeba mutu, nitamupatia mutoto wangu namna gani?" Bazee bakacheka. Shangazi naye akacheka. Bakanipatia muke. Lakini neno ile haikurudi kule ilitoka, ilibaki na mimi miaka yote.

Inafaa nieleze kidogo, juu batoto ba leo habajue. Kwetu Banande, kwa batu benye bangali banashika mambo ya zamani, mwanaume na mama ya muke yake habagusane hata mukono. Habakule fasi moja. Habaangaliane macho kwa macho. Yeye ananiita mukwe, na mimi namwita mukwe, lakini hata hiyo hatuambiane sisi wenyewe. Akiwa na neno la kuniambia, anaambia mutu mwingine pale mimi nasikia, na mimi najibu kwa ule ule mutu. Ni heshima, hapana chuki. Tuliishi vile miaka saba, na kila mara nilienda kule na moto yangu, nilijua anaangalia ile tiyo ya moshi.

Sasa, muke yangu akazaa mutoto wa tatu. Tulikuwa tumeshahamia Beni. Bakamupasua kwa hôpital, mutoto akatoka muzima, mukali, analia sana. Muke yangu njo hakuamuka muzuri. Homa ilimushika siku ya pili. Siku ya ine akaacha kula. Namuletea mutuzi ya kuku, anageuza uso. Namuletea chai, anafunga mudomo. Infirmière mumoja, mama mwenye hakuzoea kuficha maneno, aliniita kando akasema: "Papa, sindano tunamupiga, dawa tunamupatia. Lakini kula, hakuna mwenye atamulia. Hii siku mbili asipokula, mimi sijue." Nikarudi kwa kitanda, nikamuuliza muke yangu anataka nini. Akasema neno moja: "Mama."

Nilipanda moto saa ile ile.

Ilikuwa majira ya mvula. Magari ilikuwa inakwama siku mbili, siku tatu, kwa hiyo mama yule asingefika na gari. Angefika paka na moto. Na motari alikuwa mimi. Barabara yote ya kupanda Masereka nilikuwa nawaza ile kitu: nitamubeba namna gani mutu mwenye siwezi kugusa?

Nilifika magaribi, baridi ya kule inauma masikio. Nikalala kwa jirani, mama mujane, juu nyumba ya mukwe mutu halalake. Jirani alipeleka habari. Asubuhi, ukungu ungali chini, mukwe wangu akatoka. Alikuwa amevaa kikwembe ya kanisa na tricot mbili za sufu, fimbo mukono wa kuume, thermos chini ya kwapa. Nyonga yake ya kushoto ilikuwa imeharibika toka alianguka kwenye shamba la viazi, na kila hatua ilikuwa na kazi. Akasimama mbele ya moto, akaiangalia toka gurudumu paka gurudumu. Hakuwahi kupanda moto hata siku moja.

Tulikuwa tunasema kinande, mimi naandika tu kwa Swahili. Akamuuliza jirani: "Mwambie mukwe anionyeshe, moshi inatokea upande gani?"

Ayi! Masikio yangu ikawaka. Nikamwambia jirani: "Mwambie mama inatokea kuume. Yeye atakaa miguu yote kushoto, haitamugusa."

"Basi," mukwe akasema, "mwambie aweke hii katikati." Na akaonyesha mufuko ya viazi na mboga ya poireaux yenye ilikuwa kwenye mulango. Kumbe alikuwa amekwisha kufikiri yote usiku. Ule mufuko njo ungekuwa mupaka yetu. Mimi mbele, mufuko katikati, yeye nyuma, na mukono yake ingeshika kamba ya mufuko, hapana bega langu. Thermos nilitaka kuifunga na kamba, akakataa. Ndani ilikuwa uji ya ulezi, ameipika saa tisa ya usiku kwa ajili ya mutoto wake. Ile thermos haitatoka mikononi mwake paka Beni.

Kisha ikabaki kupanda. Jirani akaleta kiti kidogo ya jikoni. Mukwe akakanyaga, nyonga ikakataa. Akajaribu tena. Jirani akamushika mukono, kiti ikayumba, karibu baanguke bote. Mara ya tatu nikasikia ile hasira yangu ya zamani inapanda kifuani, mudomo ukafunguka kabisa, neno "haraka" likafika kwa meno. Nikawaza siku mbili za infirmière. Nikawaza muke yangu anageuza uso kwa ukuta. Na nikaona mama haangalie tena moto. Alikuwa anaangalia kisiki.

Kilikuwa kisiki ya eucalyptus, pale anapasuliaka kuni, mbali kidogo, chini ya ukingo. Nikafunga mudomo. Nikasukuma moto paka pale, nikaitelemusha, nikaiegemeza kabisa kwa kisiki. Mukwe akatoka kwenye ukingo, akakanyaga kisiki pole pole na fimbo, akageuza mugongo, na akakaa. Akakaa tu, kama anakaa kwa benchi ya kanisa. Hakuinua muguu hata kidogo.

Nilibaki nashangaa. Miaka kumi na mbili ya kazi, kila siku naita mutu aje kwa moto. Hata siku moja haikunifikia kupeleka moto kwa mutu. Ni kitu ndogo sana, mutu anaweza kucheka.

Tukaondoka. Jirani akabaki nyuma kwenye ukungu, na pale tu nikakumbuka: nani atatubebea maneno? Tulikuwa babili, hakuna wa tatu. Tukapita kilima ya kwanza, kilima ya pili. Moto ikaingia kwenye shimo, ikaruka, na nikasikia sauti nyuma ya viazi:

"We moto! Mashimo hii, unaitafuta ao inakutafuta?"

Karibu nigeuke. Kisha nikaelewa. Mama alikuwa amepata mutu wa tatu.

Nikakohoa. Nikainama kidogo kwa guidon, usukani ya moto. "Moto," nikasema, "mwambie mama tutaenda pole pole."

"Moto, nimesikia," akajibu.

Na vile njo tulienda. Kama mutu angetusikia, angesema hawa babili bamerogwa. Anaona ng'ombe ya mutu kwenye bustani, anaambia moto. Anataka tusimame, anasema: "Moto, mutu muzee iko na haja ndogo." Fasi tulisimama nilikuwa natafuta ukingo ao jiwe, naegemeza moto karibu, nageuka kuangalia milima, nangoja. Akishakaa sawa, alikuwa anapiga thermos mara mbili na kucha: ko, ko. Njo ruhusa ya kuondoka. Sikuondoka hata mara moja bila ile ko, ko.

Katikati ya Masereka na Butembo aliniuliza jambo moja. Aliuliza moto, basi. "Moto, mutoto wangu analia ao ananyamaza?"

Nikasema kweli. "Moto, mwambie mama ananyamaza."

Nilisikia tu shanga za rozari zinagongana kwa thermos.

Mususa tulisimama kwenye butiki ya mama mumoja tunafahamiana, baraza yake ni ya urefu wa kiti ya moto, kwa hiyo kushuka ilikuwa rahisi. Mukwe akanywa chai ameangalia ukuta, mimi nikanywa nimeangalia barabara. Nikapiga simu Beni. Asubuhi ile muke yangu alikataa hata maji. Nikamwambia mama ya butiki kwa sauti, ili yule mwingine asikie. Mukwe akaweka kikombe chini, chai ingali nusu.

"Mwambie ule moto, kama imekwisha kunywa, twende."

Nikaomba mama ya butiki kasye, ile ya plastiki ya kubebea chupa, juu barabara ya Beni sikujua kama nitapata visiki. Akaniletea kasye ya pombe. Mukwe akaiona, akasimama. "Mimi, mama wa kanisa, nikanyage kasye ya pombe barabara yote paka Beni, mbele ya bakristu?"

"Mukaka, mama muzee, iko tupu, haina chupa," mama ya butiki akasema.

"Hata kama. Batu habataona chupa, bataona mimi."

Nikawa nashika tumbo kwa kucheka, nimegeuka kando ili asinione. Mama ya butiki akatafuta, akatoa ya sukre, ya soda. Hiyo alikubali. Nikaifunga nyuma na kamba ya mupira.

Mbele ya Kabasha tukakuta kilima imeharibika. Malori mbili imelala kwa upande, matope inafika magoti, motari yote bamesimamisha, basafiri banapanda kwa miguu. Moto na mutu juu isingepita. Nikaweka kasye, mukwe akashuka, akavua viatu akavifunga kwa shingo na kamba. Nikamwambia moto kwamba mama angoje, nitatafuta njia ya kando. Akasema: "Moto, we pita. Kupanda kilima mimi nilijua kabla hujazaliwa." Nikafunga kasye mbio mbio, nikaingia kwenye matope, nasukuma na miguu mbili, moto inalia, mimi nalia. Nilipofika juu nikaangalia nyuma: kasye ilikuwa imeanguka katikati ya njia, na gurudumu ya lori ilikuwa inapita juu yake.

Nikataka kutukana. Ningetukana kabisa. Lakini macho yangu ikamukuta mukwe.

Alikuwa anapanda. Banaume ba buti ndefu balikuwa banateleza, banashika nyasi, banakaa matako kwenye matope, banaita mama zao. Yeye alikuwa peku. Anaweka fimbo, anaweka muguu muzuri, anavuta ule mugonjwa, anasimama. Midomo inaenda, anasali. Thermos kifuani. Anaweka fimbo tena. Hakuteleza hata mara moja. Kijana mumoja alimutolea mukono, mukwe akatikisa kichwa, juu mukono mumoja wa thermos, mwingine wa fimbo. Mimi juu pale sikuwa na kazi ingine ya kufanya paka kuangalia. Nilikuwa nimebeba batu hesabu haijulikane, na nilikuwa sijawahi kumuangalia hata mumoja akitembea. Nilisikia haya, na ndani ya ile haya, kitu kingine kikubwa zaidi. Nikavua kofia bila kujua.

Kufika juu akapumua kidogo tu. Nikateremusha moto ndani ya mufereji ili barabara iwe juu yake, na yeye akakaa. Ko, ko.

Barrière ya mwisho, kizuizi ya askari mbele ya Beni, kila mutu anashukaka anavuka kwa miguu na carte ya kitambulisho mukononi. Batu balikuwa foleni, mvula imeanza kunyunyiza. Fasi ile ni tambarare, hakuna jiwe, hakuna ukingo, na kasye ilishakufa. Muguu ya mukwe ilikuwa imekufa ganzi. Nikasimamisha moto, nikabaki nazunguka nayo kama kuku anatafuta fasi ya kutaga.

Soldat mumoja akakuja, mutu murefu wa jimbo la Équateur, bunduki mugongoni. "Papa, saidia mama yako ashuke, batu banangoja!"

"Chef, siwezi kumugusa."

"Namna gani? Mama na yo te? Si mama yako?"

"Hapana mama yangu. Bokilo."

Neno ile ya Lingala, mukwe, ikamuingia. Soldat akarudi nyuma hatua mbili, kabisa kama ameona moto wa jiko. "Bokilo," akasema. Akaangalia mama, akaangalia mufuko katikati, akaelewa yote. "Kwetu pia, bokilo haguswe." Akageuka kwa wenzake batatu, bamekaa kwenye benchi chini ya bâche, ile turubai, akapiga kelele: "Telema! Simama bote!" Bakasimama, bakidhani ni mukubwa wao amefika. Akabeba benchi mwenyewe, akaileta mbele ya moto, akaipangusa matone na mukono ya shati lake, kisha yeye na mimi tukageuka, tukampatia mama mugongo.

Hakuna mwenye alipiga honi. Tulisikia fimbo inagusa mbao, kisha inagusa udongo. Akavuka barrière pole pole katikati ya basoda benye bangali bamesimama, na ule wa Équateur alifuata nyuma na benchi kichwani, ili apande ngambo ingine. Mukwe alipokwisha kukaa, akamwambia soldat asante ya kwetu: "Wasingya, mutoto wangu." Soldat hakujua kinande hata neno. Akajibu: "Amen, mama."

Mpaka leo nikipita pale naangalia kama angali. Balishamuhamisha.

Tuliingia Beni karibu saa kumi ya jioni, saa ya kufunga mulango ya bagonjwa. Mvula sasa ilikuwa mingi. Lango ya hôpital, ciment tupu. Sentinelle, mulinzi wa lango, akasema moto haisimame hapa, mutu ashuke, mulango inafungwa. Nikaangalia kuume, kushoto. Hakuna ngazi, hakuna jiwe, hakuna benchi. Mukwe akajaribu kuteleza chini mwenyewe. Fimbo ikagusa ciment, goti likakunjika, akabaki ananing'inia kwa kamba ya mufuko, thermos kifuani. Mimi nimeshika moto na mikono mbili isianguke, na roho yangu inapasuka. Kilometa yote ile, na tunashindwa mbele ya mulango!

"Moto," nikasema, "mwambie mama angoje kidogo, nitafute kitu..."

"Mutoto wangu."

Nikageuka kuangalia nani anaitwa. Nyuma yangu hakukuwa na mutu.

"Ni wewe naita," mukwe akasema. Alikuwa ananiangalia macho kwa macho. Miaka saba, na sikujua kama macho yake iko na rangi ile ile ya macho ya muke yangu. "Ondosha mufuko."

"Mama, heshima..."

"Heshima ibaki hapa na moto. Itatungojea, haina homa. Nipe mugongo."

Akajivuta, akakaa tena kwa kiti. Nikatega bekiye, ile muguu ya chuma ya kusimamisha moto, nikaondosha mufuko, nikainama mbele yake. Mikono yake ikakuja juu ya mabega yangu, baridi, migumu ya jembe, thermos ikabanwa katikati ya kifua chake na mugongo wangu, na nikamubeba kwa mugongo vile mama anabeba mutoto. Yesu wangu! Alikuwa mwepesi. Mufuko ya viazi ilimupita uzito. Toka asubuhi nilikuwa nimeogopa mutu mwenye uzito wa kuku babili. Nikapita sentinelle, hakunisimamisha. Nikapita ule infirmière, akafungua mulango bila kuuliza. Nilikuwa nalia na sikupangusa, juu mikono ilikuwa na kazi.

Nikamukalisha kwa kitanda, pole pole, nyonga ya kushoto mwisho. Muke yangu alikuwa ameangalia ukuta. Mama yake akamuwekea mukono kwa paji la uso, kisha akafunua shuka kidogo upande wa miguu, akatafuta ile alama, akaiwekea kiganja. Sijue juu ya nini. Labda kujua kama ni yeye kweli.

Muke yangu akageuza uso. "Mama. Nani amekuleta na hii mvula?"

Mukwe alikuwa anafungua thermos. Mvuke ikatoka, uji ya saa tisa ya usiku, ingali ya moto. Akamimina kwa kifuniko, akachukua kijiko kwenye meza, akapuliza.

"Bwana yako," akasema. "Anajua kubeba mutu. Sasa fungua mudomo."

Muke yangu akafungua. Kijiko ya kwanza ikaingia, akameza. Ya pili ikaingia. Mimi nilikuwa nimesimama kwa mulango, matone inaanguka toka nguo yangu kwa ciment, naogopa kupumua. Kijiko ya tatu, mukwe akaisimamisha kwa hewa. Akakumbuka mimi ningali pale. Akanigeuzia mugongo sawa sawa, vile desturi inataka, na akasemesha kijiko:

"We kijiko, mwambie ule mwanaume wa mulango aende kufunika viazi, mvula inaiharibu."

Muke yangu akacheka. Kucheka kidogo, ya mutu hana nguvu, uji ikamumwangikia kwa kidevu, na mama yake akaipangusa na kikwembe ya kanisa. Ilikuwa siku tano sijasikia ile sauti. Nikatoka, nikafunika viazi, nikakaa juu ya moto kwenye mvula paka sentinelle akakuja kuniuliza kama niko na shida.